Upande wa Pili Umeondoka

Mama hakuikata simu ile, wala mama mkubwa hakuikata. Nalijua hilo kwa uhakika kwa sababu aliyeikata ni mimi, kwa mistari michache niliyoiandika nikiwa nimekaa nyuma ya mashine ya kutolea kopi, dukani kwangu mtaani Mtawanya, nikijiona fundi.

Bibi yangu mzaa mama alifia kijijini kwa mama mkubwa, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Mama alipofika, wanaume walikuwa wanarudi makaburini, udongo bado miguuni. Hawakumsubiri. Pale msibani mama hakugombana na mtu. Alirudi mjini akawa hamtaji dada yake kabisa, na kwetu hiyo ni mbaya kuliko matusi.

Kule kijijini simu hushika ukipanda kichuguu, na mama mkubwa ana magoti mabovu. Kwa hiyo muda mrefu kabla ya msiba nilikuwa nimemwekea ruta ya mtumba nyumbani kwake, inayopokea mawimbi ya intaneti kutoka kwenye mnara wa shule, na nyingine kama hiyo nikaiweka nyumbani kwetu. Akibonyeza kitufe kimoja cha simu niliyoichomeka hapo, anaongea na mama. Ningeweza kutumia programu ya kawaida, ziko nyingi. Sikutaka. Niliishia kidato cha nne, haya mambo nimejifundisha kwa kusoma programu zilizoandikwa na wengine, na nilitaka siku moja mtu anayejua afungue kazi yangu asione doa. Nikaiandika ndani kabisa ya mfumo endeshi, kwenye kiini chake, mahali ambapo hata wenye vyeti huingia kwa tahadhari.

Nilifanya ubahili mmoja. Bando ni ghali, kwa hiyo mtu akinyamaza, kifaa hakitumi chochote. Kimya kikifika sekunde ishirini, saa ndogo niliyoiweka ndani inalia, na njia kati ya nyumba mbili inalazwa. Mtu akisema tena, inaamka. Nilijaribu mara nyingi sana: haloo, haloo, unanisikia, moja mbili tatu. Haikukosea hata mara moja.

Siku mama alipokubali kuongea na dada yake, nilikaa kando yake nikiangalia kompyuta. Walisalimiana salamu zote, hadi za mbuzi. Kisha mama akauliza, "Kwa nini hamkunisubiri?"

Mama mkubwa alinyamaza. Mama akangoja, tasbihi mkononi. Mimi pia nilingoja. Halafu ikasikika sauti kama ya mtu anayevuta pumzi ili aseme, na simu ikafa.

"Vipi?" mama akaniuliza.

Nikafungua logi, yaani taarifa ambazo kifaa hujiandikia. Mstari wa mwisho ulisema: *upande wa pili umeondoka.*

"Amekata," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Mama, mashine imeandika hapa."

Alisema, "Basi," akaenda kuchambua mchele. Nilisahau kumwambia, au sikutaka kukumbuka, kwamba sentensi ile niliitunga mimi. Mashine haikuwa imeona chochote. Ilikuwa inarudia maneno yangu.

Baada ya siku chache binti wa mama mkubwa, ambaye namwita dada, alipanda kichuguu akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, mama mdogo bado ana hasira? Mama ndo alikuwa anaanza kuongea, mkamkatia. Analia. Arobaini tunasoma Ijumaa ijayo, mwambie aje."

Nikajibu, "Nitamwambia." Mama alikuwa ameshaacha kupokea simu zao. Njia pekee iliyobaki kati yao ilikuwa mimi.

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nikienda mikono mitupu, ataniuliza nani basi aliyekata, nami sitakuwa na jibu. Ngoja kwanza nilipate kosa, nilirekebishe, niende na jambo lililokamilika. Ndivyo nilivyo. Hata kovu la kidonda nataka liwe limenyooka.

Nikaweka ruta nyingine mbili juu ya meza dukani. Nikaongeza mistari ya kuandika kila hatua ili nione kosa linapopita, na kosa likatoweka. Nilifurahi, ninaona aibu kusema, nilifurahi kweli. Kumbe kuandika huchukua muda kidogo mno, na muda huo ndio uliozipisha hatua mbili zilizokuwa zinagongana. Nilipoifuta mistari ile, nikajua sijatibu kitu.

Ndipo nilipokumbuka kimya. Majaribio yangu yote yalikuwa ya kijana anayepiga domo. Sikuwahi kujaribu mtu anayeulizwa neno zito, akakaa nalo, kisha akafungua mdomo. Nikavaa vifaa vya masikioni, nikanyamaza nikiitazama saa, na zilipokaribia kutimia sekunde ishirini nikasema neno moja. Nikanyamaza tena.

Mama mshonaji wa duka la pili alisimama mlangoni.

"We mtoto, unaongea na nani?"

"Na mtu aliyenyamaza."

"Achana naye. Huyo kashakuchoka."

Alipoondoka nikajaribu tena, na tena, hadi simu ikafa palepale.

Kifaa kile kinaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kama nyumba yenye watu wawili. Sauti ikifika sekunde ileile saa inapolia, mmoja anafungua mlango na mwingine anaubomoa. Anayefungua anadhani ameisimamisha saa, wakati saa imeshalia na imeanza kuilaza njia. Njia inabaki nusu hai. Kila upande unaongea peke yake, na kila upande unaandika kwamba mwenzake ameondoka.

Marekebisho yangu ya kwanza yalikigandisha kifaa kizima. Niliamuru saa isubiriwe hadi imalize, huku nimeshikilia kufuli, kile kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kwa zamu, ambalo saa yenyewe ilikuwa inalihitaji ili imalize. Ya mwisho yalikuwa mafupi: saa ikilia, ishike kufuli, kisha iangalie tena kama kuna sauti imefika, kabla ya kulaza chochote.

Kisha nikaanza kuyapima. Nikapima, nikapima. Ijumaa ikafika nikiwa bado napima. Arobaini ya bibi ikasomwa, na mama alikuwa nyumbani kwetu, amewasha jiko, anasonga ugali wa watu wawili.

Nilimwambia Jumapili.

"Mama, ile simu. Mama mkubwa hakukata. Ni kosa langu, kwenye programu."

"Nani kakuambia?"

"Dada. Alituma ujumbe."

"Kabla ya arobaini?"

Nilitazama sakafu. "Kabla."

"Ukakaa nao."

"Nilitaka nije na jibu kamili."

"Mimi," alisema, bila kupandisha sauti, "nilikuomba jibu la mashine?"

Kesho yake tulipanda gari la kijijini. Mama alibisha hodi, na mama mkubwa akajikongoja hadi mlangoni.

"Karibuni. Ubwabwa wa arobaini umekwisha, mdogo wangu."

"Najua," mama akasema. "Safari hii nimecheleweshwa." Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa afadhali.

Tukakaa mkekani. Mama aliuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale. Mama mkubwa akanyamaza. Nikajikuta nahesabu kimoyomoyo, zikatimia ishirini, zikapita, na hakuna aliyeondoka.

"Mwili haukuweza kungoja," mama mkubwa akasema mwishowe. "Joto lile. Alianza kuharibika. Sikutaka umkumbuke hivyo, na kwenye simu nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Mama alimshika goti, lile bovu zaidi, akaanza kulikanda. Nikavuta mkoba nitoe kompyuta, niiweke programu mpya.

"Sasa hivi?" mama akauliza.

Nikaurudisha mkoba ukutani.

Niliiweka asubuhi yake, wao wakiwa uani wanatwanga kisamvu. Kabla ya kuifunga niliitafuta ile sentensi yangu nikaifuta. Sasa kikipotea kitu, kifaa kinaandika: *sijasikia sauti kutoka upande wa pili.* Ni hicho tu kinachokijua.