Jina la Ofisini

Harufu ya katoni mpya hunirudisha Columbus, Marekani, mtaa wa Linden, mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akifunga mizigo ghalani, na zamu ikiisha alirudi na vipande vya katoni vilivyotupwa, vikinuka gundi na vumbi. Alivitandaza kwenye meza ya jikoni, maharage yakitokota, akaandika juu yake kwa kalamu nene nyeusi. Hivyo ndivyo alivyoandika filamu. Waigizaji wake walikuwa wanakwaya wa kanisani kwetu, watu waliochoka kama yeye, na hakuna aliyekuwa na muda wa kukariri. Basi maneno ya kila mmoja aliyaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani, nyuma ya kamera. Ukiitazama filamu ile leo utaona watu wote wanagombana huku wakiangalia juu, kana kwamba kuna mjusi darini.

Kabla yake, wanaume ndio waliotunga filamu zetu sisi watu wa Kivu kusini, Kongo, na nyingi zilikuwa mahubiri tu yaliyovishwa nguo za maigizo. Mama alikuwa mwanamke wa kwanza kati yetu kutunga yake. Ilimhusu mama mkwe anayefika kutoka kambi ya wakimbizi na kumkuta mwanawe anasonga bugali, mke amekaa na viatu vya kazini miguuni. "Bugali inasongwa na mwanaume, na bibi anaangalia?" anauliza yule mama mkwe, na mahali hapo watu walicheka hadi wakajipiga mapajani. Aliyecheza sehemu hiyo alikuwa mama mmoja mnene wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Kijana mwenye kamera aliishi Buffalo. Tulimwita Tonto Bahati, yaani mjomba, ingawa hatukuwa ndugu. Siku ya mwisho ya kupiga picha, Mama alimwambia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema kwa mtu: "Bahati, mie nataka kitu moja tu. Jina yangu ionekane mule ndani." Bahati akamwitikia, akafunga mizigo yake, akaondoka.

Wiki chache baadaye simu ililia. Mama alikuwa kazini, nikapokea mimi. Alikuwa Bahati, na Kifaransa chake cha kuchanganya.

"Bon, Neema, niko namalizia ile filamu. Niandike ni nani aliitunga?"

"Mama."

"Donc, mama nani? Batu batajuaje?"

"Mama Neema," nikasema.

Sikuwa nikifanya utani. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na tangu nizaliwe sikumsikia mtu akimwita vinginevyo. Nililijua jina lake lingine, kwa kuwa lilikuwa kwenye bili za umeme. Nilidhani ni la ofisini.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa. Mwishoni ukuta ukawa mweusi, yakatokea maandishi meupe: MTUNZI: MAMA NEEMA. Watu wakapiga makofi. Nilimgeukia Mama nikitabasamu. Alikuwa anatazama ukuta, mikono juu ya mkoba wake. Baadaye alisaidia kukunja viti, tukarudi nyumbani, akaosha vyombo. Hakuniuliza kitu, nami sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuulizwa.

Filamu ilifika hadi Buffalo, kwa kina Bahati, na huko kulikuwa na Mama Neema mwingine, mwanamke mpole wa North Buffalo aliyeongoza maombi ya akina mama. Pongezi zikamwendea yeye. Kwanza alikana, kisha akachoka kukana, na kwenye kongamano la akina mama wakamsimamisha azungumzie kipaji chake. Mama Mdogo, mdogo wake Mama, alipata habari hizo akaja juu. Mama akamjibu bila kuacha kuchambua mchele: "Weye unataka nisimame mbele ya batu nitaje jina yangu mwenyewe? Batanionaje?" Katoni zilizobaki alizikata akazitandika ndani ya droo za jikoni. Hakutunga nyingine.

Sasa ninaishi Louisville, ninatunza wazee. Kifuani nina kadi yenye jina langu lote, na wazungu huniita kwa jina hilo kutwa nzima. Kanisani mimi ni Mama Keza. Watoto wangu huniita mama kwa Kiingereza. Sijawahi kufikiria ni lipi kati ya hayo ningeandikwa.

Mama alifia kwangu majira ya baridi yaliyopita. Mtu wa kuchapisha ratiba ya mazishi alinipigia simu, akauliza aandike jina gani. Nikamwambia: Nabintu Esperansi. Nilisema polepole, herufi kwa herufi. Sikulia. Hata sasa sijalia, na sijui kilio hicho kiko wapi.

Siku ya mazishi nilisimama mlangoni mwa kanisa nikigawa karatasi za ratiba. Yule mama aliyecheza mama mkwe alikuwa amesafiri na wenzake kutoka Columbus, sasa amekonda na anatembelea fimbo. Hakunitambua. Aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisoma, akanirudishia.

"Samahani, mwanangu. Tumekosea kanisa. Sisi tunatafuta kilio ya Mama Neema."

"Ni hapa," nikasema.

"Na huyu Nabintu ni nani?"

Nikamwambia ndiye aliyemwandikia maneno yake. Akaangalia juu kidogo, kama kwenye filamu, lakini ukutani hapakuwa na kitu.