Chinchard Imechoka

Umuone kwanza Kahindo akifika sokoni. Ameketi nyuma ya moto, ile pikipiki ya kukodi, karto za samaki ya chinchard katikati yake na dereva, na barafu inayeyuka polepole inamulowesha yule bwana mugongo. Kila asubuhi dereva ananung'unika. Kila asubuhi Kahindo anamujibu ya kwamba hayo ni maji ya bahari, kuna matajiri wanapanda ndege ili waende kulowa nayo.

Bahari yenyewe hajaiona. Alitoka Butembo na watoto, akakuta mu Bunia watu wanapenda samaki kuliko ziwa linavyoweza kutoa, akaingia mu biashara ya samaki ya barafu: inavuliwa mbali, inapita Uganda mu lori, inafika hapa ngumu kama tofali. Meza ya pembeni ni ya Dorcas, anayeuza samaki ya ziwa, ya Kasenyi. Dorcas husema samaki inayolazwa mu frigo ni mugonjwa. Kahindo naye humujibu kama hizi ndogo za Dorcas zimeng'olewa mu maternelle, shule ya watoto wadogo, na mama zao bado wanazitafuta. Ndivyo wanavyopendana.

Basi mwaka huu ikatufikia atelier, semina juu ya uvuvi wa bahari kuu. Usiulize sababu gani Bunia. Congo iko na kipande cha bahari kule Muanda, projet inasema majimbo yote yafundishwe, na Ituri yetu ni jimbo. Wakatundika kitambaa chenye samaki ya bluu, wakapanga viti. Mwenye kufundisha alikuwa Monsieur Rémy, mutu mwema, wa kutoka jasho sana. Alisema mambo ya kweli: samaki ya bahari kuu haina mwenyewe, ndiyo maana kila inchi inakimbia kuivua mbele ya mwenzake, lazima wakubaliane kila mutu sehemu yake, na samaki iachiwe muda wa kuzaa. Kisha akasema kwa Kifaransa kama stock ya chinchard, akiba yake mu bahari, iko épuisé.

Hapo ndipo tulipoangukia. Mwenye kutafsiri mbele ya mikro ya radio alikuwa mwalimu Marcellin. Na hilo neno épuisé linasemwa kwa mufuko uliobaki mutupu, linasemwa pia kwa mutu aliyefanya kazi mupaka hawezi kusimama. Marcellin, aliyetoka kufundisha madarasa mawili asubuhi ile, akachukua lile alilolisikia mu mwili wake. Akatangaza: «Stock ya chinchard imechoka.»

Kwetu stock haiko mu bahari. Stock iko mu depo. Na samaki iliyochoka, kila mama anajua, ni ile ukiibonyeza kidole kinaingia.

Mbele ya saa sita meza ya Kahindo ilikuwa imehamwa. Mama mumoja alibonyeza chinchard, akaondoa kidole taratibu, kama mutu aliyegusa paji la mutoto mwenye homa, akasema pole, akaenda. Na kule mu chambre froide, chumba cha barafu, kulikuwa karto zote alizoziwekea mutaji wake, na groupe ya kutoa umeme inayozimwa mafuta ya mazout yakikosekana. Samaki isipotoka wiki ile, itaoza kweli, na Kahindo atarudi Butembo na watoto na mikono mitupu.

«Maman Kahindo,» Dorcas akamuambia, «mugeni wako wa bahari amechoka. Umupatie kiti.»

Kahindo akaenda ku atelier, akawakuta mu pause-café, wakinywa kahawa, akamulilia Marcellin atengeneze neno. Marcellin ni mutu wa huruma. Alikumbuka kama Monsieur Rémy amezungumuza pia repos, yale mapumziko ambayo samaki inapewa ili izae. Jioni akasema mu radio kama chinchard ya bahari inapaswa kupumuzika.

Sasa, kwetu mutu akipumuzika tunapelekea familia yake unga. Kesho yake Dorcas akauliza matanga iko wapi.

Kahindo akarudi. Safari hii hakulia. Alimushika mwalimu mukono.

«Mwalimu, ukiacha kuchoka, épuisé ni nini tena?»

Marcellin akajikuna kichwa. «Ni kuisha, maman.»

«Basi sema kuisha.»

Akasema. Alisema vizuri sana, kwa Kiswahili cha kila mutu: chinchard ya bahari iko inaisha, na tusipochunga, watoto wetu hawataionja. Monsieur Rémy alipoelezwa, akatikisa kichwa kwa furaha. Hakuna neno lililotafsiriwa sawa kuliko lile.

Asubuhi moto ilishindwa kufika ku meza. Watu walikuwa wamejaa mupaka barabarani. Weye unajua mutu wa Bunia akisikia sukari inaisha, anafanya nini. Wachimba zahabu walipanda toka Bambu, wakabeba kwa karto. Yule mama wa kidole alikuwa na samaki hata mu kwapa. «Kama inaisha, siye tuonje mbele,» alisema. Dorcas, kwa heshima yake, alituma jirani amununulie.

Monsieur Rémy akapita, akaona umati, akaguswa. Aliambia Marcellin ya kwamba hajapata kuona watu walioshika somo upesi hivi. Kahindo akamukaangia moja. Akaikula na kichwa, akisema hata kwao siku hizi ni shida kuipata.

Chambre froide ikabaki na barafu tu, na mustari haujaisha. Simu ya Kahindo ikalia: ni muuzaji wa jumla, anauliza alete karto ngapi, kama zamani ao mara mbili. Kahindo akafunika simu na kitenge.

«Mwalimu, ile ya kuchunga inaanziaga wapi?»

«Inaanziaga kule ku bahari, maman. Ku mabato, zile meli za wakubwa.»

«Na wakubwa kama wanangoja siye tuanze?» Dorcas akauliza, na samaki yake ya Kasenyi, urefu wa kidole, ikimuangalia.

Watu wakaanza kumupigia Kahindo kelele ajibu simu, jua linapanda. Muuzaji naye anasema allô, allô.

Na weye, simu ingekuwa mu mukono wako, ungeomba ngapi?