Mmezika Mgomba

Mama anaamini kwamba tuliyemzika mjini Ibra si mdogo wangu, ni mgomba. Huku Omani mtu wa namna hiyo huitwa mughayyab: wachawi wamemchukua mzima, wakaacha kitu chenye sura yake ili jamaa walie na kuzika, na mwenyewe yuko mahali anawachungia mbuzi, hajijui. Mama alitoka Unguja na imani yake ya mgomba, akaikuta ya huku inamngoja. Zikaoana.

Mdogo wangu alichukuliwa na maji ya wadi, ule mto mkavu unaofurika ghafla, njia ya Mudhaibi. Alipatikana siku ya tatu. Mimi ndiye niliyekwenda hospitali kumtambua, na mimi ndiye niliyekataza Mama asioneshwe maiti. Tangu hapo kila tukipita Birkat al Mauz hunisimamisha kwenye mashamba ya ndizi, akateremka kuwatazama wafanyakazi nyuso, mmoja mmoja. Mimi hubaki garini, nimenuna, naona haya.

Ijumaa moja baada ya chakula akasema anataka kaburi lifukuliwe. Nikapandwa na hasira. Nimesoma Marekani miaka minne, basi nikajiona mwalimu. Nikamsimulia kisa ambacho wenyeji wa mji wangu mdogo wa kule bado wanacho midomoni. Zamani familia moja iliteketea kwa kifua kikuu, huyu akifuata yule. Watu wakasema binti aliyekwisha kufa ndiye anayewanyonya wenzake kutoka kaburini. Wakamfukua, wakauchoma moyo wake juu ya jiwe, majivu wakamnywesha kaka yake mgonjwa. Naye akafa vilevile.

"Unaona, Mama? Ujinga hauna nchi."

Ya moyo na majivu hakuyajali. "Baba yake alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akamwona uso?"

"Nadhani alimwona."

"Basi yule kapata. Kajua mwanawe yu wapi." Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Na weye, siku ile hospitali, nduguyo ulimwona uso? Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Siku zote nilimwambia kwamba nilimwona, kalala kama aliyesinzia. Uongo. Daktari alishika ncha ya shuka, akaniuliza kama niko tayari. Nikaona mkono na saa ya marehemu baba, nikasema inatosha, ndiye. Niliogopa. Nikatia saini. Waliomwosha ni watu wa msikiti, mimi nilisimama nje.

"Nilimwona, Mama."

"Apa."

Nikafungua mdomo. Kiapo hakikutoka.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinyanyuka, akavaa abaya yake, akasema twende. Tulipofika Birkat al Mauz niliteremka naye. Yeye alishika upande wa kulia wa shamba, mimi wa kushoto, nikaanza kuwatazama watu nyuso.