Tulivyomtafuta mama ya Mumbua kwenye tape zisizo na label

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko hapa Kitui, na hii nawapa vile ilifanyika, bila chumvi.

Juzi kijana wangu ananiambia ati siku hizi computer inatafuta video kwa kuangalia vile camera ilikuwa inasonga. Nilicheka! Hiyo nimeifanya miaka ya tisini, na VCR na kidole.

Nilikuwa nashoot harusi, Mutomo mpaka Kyuso. Tape zilijaa kabati, na joto ya huku mnaijua. Label zote zilibanduka.

Siku moja akaja mama anaitwa Mumbua, kutoka Makueni. Mamake alikuwa ameaga bila kuacha picha hata moja. Lakini nilishoot harusi ya binamu yao, na huko mamake alileta mbuzi ya zawadi.

Alikuja na msichana wake mdogo, mwenye jina la huyo nyanya. Sisi Wakamba mtoto kama huyo unamwita "mwaitu", yaani mama. Mumbua alitaka tu mtoto amwone huyo nyanya ambaye yeye amebeba jina lake.

Mke wangu akaangalia kabati. "Hizo mtaangalia mpaka Yesu arudi."

Lakini mkono wangu naujua. Kanisani camera imetulia tu. Speech, nazoom pole pole mpaka kwa pua ya mzee. Mbuzi akiletwa, camera inashuka mara moja. Sijui kwa nini, nilipenda mbuzi.

So tukaweka fast-forward. Sura huoni, lakini movement unaona. Imetulia? Pita. Inazoom? Pita. Ikishuka ghafla, play!

Wakuu, mbuzi za Ukambani ni nyingi! Tuliziona mpaka mtoto akaanza kuzisalimia. Mumbua akaanza kuhesabu tape zilizobaki, nami nikaogopa, kwa sababu kuna tape nilikuwa nimerekodi harusi ingine juu yake, na labda ndiyo hiyo.

Halafu camera ikashuka, ikaruka kushoto, ikakimbia, ikaonyesha mawingu. Ai! Mbuzi alikuwa amekata kamba!

Camera kurudi, mama mmoja ameshika kipande cha kamba, anacheka mpaka leso inaanguka.

Mumbua akalia. Akamvuta mtoto karibu na TV. "Mwaitu, kuja uone mwaitu."

Mtoto akaangalia weee, akauliza, "Kwani mimi nilipoteza mbuzi?"

Tulicheka na machozi.

Nilichojifunza: wazazi wako uwachukue video wakicheka, hata kama camera inatingika. Wewe wako unao kwa video, ama bado unangoja harusi? Semeni hapa chini.