Siku Niliyotafuta Kitufe Kwenye Piano ya Mzee

Mkasa huu ningeuficha hadi nife, lakini kwa kuwa Salim ameshawasimulia karibu Wakenya wote wa Bur Dubai, tena anatia chumvi, afadhali mnisikie mwenyewe.

Miaka kumi hivi iliyopita nilikuwa askari wa geti kwenye hoteli moja huku Al Mankhool (yaani mtu wa kusimama juani akifungulia magari), na siku ya Ijumaa, ambayo huku ndiyo iliyokuwa siku ya ibada, nilikuwa mpiga kinanda kanisani, na huko nilikuwa mtu, watu walinisalimia kwa mikono miwili. Mwezi huo hoteli ikaleta mgeni, mzee wa Kimarekani wa miaka themanini na kitu, mmoja wa wale wa kwanza kabisa kupiga rock and roll kwa piano wakati wenzake wameshika gitaa. Nilimjua. Marehemu baba alikuwa na kaseti yake, na maisha yake nilikuwa nimeyasoma kwenye simu mpaka nikayajua kuliko yangu: alivyoanzia kanisani, wakamtoa kwa kuzichangamsha tenzi kupita kiasi, akapata jina, redio zikamchoka, akaendesha lori la mikate miaka mingi kabla ya watu kumkumbuka tena.

Siku ya onyesho akaamka mkono wa kushoto umevimba, na mpiga piano wa hoteli yuko likizo. Madam, meneja wetu, akauliza kama kuna mfanyakazi anayeweza kumpigia Mzee upande wa kushoto, na mambo yakienda vizuri huyo mtu atapewa piano ya lobi kila alasiri. Salim, mbeba mizigo wetu kutoka Mombasa, akanisukuma kwa kiwiko.

"Sema basi. Ama wataka kufia getini?"

Nikasema naweza. Madam akauliza kama nataka kuijaribu piano kwanza, nikamjibu hakuna haja, madam. (Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.)

Maana kuna jambo sikulisema. Sisi wa vinanda vya kanisani wengi tunapiga kii moja tu, yaani ngazi moja ya sauti, C, ile ya vibonye vyeupe vitupu, na mwimbaji akianzisha juu au chini tunabofya kitufe cha transpozi, kinanda kinahama chenyewe na vidole vinabaki palepale. Miaka tisa nilipiga hivyo, nikasifiwa hivyo, na kusema kweli nilishasahau kwamba si kila kinanda kina kitufe kile.

Saa kumi jioni lobi imejaa. Nimeazimwa koti la mhudumu, mikono yake imeniishia karibu na viwiko, nimekaa benchi moja na Mzee. Akaniambia kwa upole, "G." Nikaitika, nikapeleka kidole nibofye mara tano kushuka, kidole kikakuta mbao. Nikapapasa pembeni, nikapapasa chini, nikainama kabisa, koti likachanika mgongoni hata wa nyuma wakasikia, na mimi bado natafuta, nikainuka nikafungua kifuniko cha juu nikachungulia ndani, nyuzi tupu. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakanipigia makofi.

Mzee akauliza natafuta nini. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini, kwamba najua C peke yake.

Akanitazama kidogo. "Basi iwe C," akasema, akaanza.

Nilipiga vizuri, hilo nalisema bila haya. Lakini C ilikuwa juu mno kwake. Ule wimbo uliompa jina, ule wa kaseti ya baba, sauti yake ilifika juu ikakatika, akakohoa, akarudia, ikakatika tena, na wageni wakawa wanaangalia vikombe vyao vya chai. Hakunigeukia hata mara moja. Alipomaliza akanishika bega, akawaambia watu wamsamehe, sauti imezeeka.

Ningesimama nikasema kosa ni langu, na sikusimama. Koti ni la kuchekesha tu, aibu yangu ni hiyo.

Madam aliniambia khalas, yamekwisha, kesho geti kama kawaida. Niliapa siku hiyo kwamba nitajifunza zote, na leo napiga kii zote kumi na mbili, polepole, na kitufe kile kwenye kinanda changu nimekiziba kwa plasta. Wageni kanisani huniuliza kama kimeharibika. Nawaambia ndiyo.