Tundu la Hondohondo

Asubuhi moja mwaka huu, nikiwa zamu katika wodi ya wazazi hapa Mtwara, kichanga kimoja kililia kwa namna iliyonisimamisha. Sauti ilianzia juu, ikashuka polepole, ikakatika, halafu ikaanza tena. Muuguzi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka ndege. Alicheka, nami nikacheka naye, lakini wiki ileile niliomba ruhusa ya siku tatu nikapanda gari la Kilambo, upande wa kijijini kwetu. Ilikuwa miaka mingi sijakanyaga huko. Sababu yake sijawahi kumweleza mtu, kwa hiyo nivumilie nikikuelezea wewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini, si mbali na mto Ruvuma. Shamba letu la mikorosho liliishia kwenye msitu mzito, na msitu ule ulitulisha. Humo tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba ambavyo bibi alivichemsha kwa chumvi, tukavila moto moto huku tukipuliza vidole. Humo tuliokota kuni. Na humo waliishi hondohondo.

Kama hujamwona, ni ndege mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na juu ya mdomo wake mkubwa amebebeshwa kitu kama mdomo wa pili. Bibi alisema ukoo wao ni mpana. Yupo mdogo mwenye mdomo mwekundu, anayepiga mluzi. Yupo mkubwa sana anayetembea ardhini na kula nyoka. Na yupo huyu wetu wa makundi, anayependa matunda na kulia kama mtoto mchanga. Makuyu yakiiva ungewasikia tangu jikoni, mabawa yanavuma, kilio kimoja kinaitikiwa na kingine. Wageni walidhani kuna mwanamke amemtupa mtoto porini.

Bibi ndiye aliyenieleza wanavyolea. Jike huingia katika tundu la mti, akajiziba humo kwa udongo na kinyesi mpaka ukabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Humo ndani hutaga na kuatamia, manyoya ya mabawa yanamnyonyoka, hawezi kwenda popote. Dume humletea matunda, anayatoa kooni moja moja na kumpa kupitia ule ufa.

"Ukiliona tundu lake, nyamaza," bibi aliniambia. "Usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie."

Nililiona nikiwa na miaka kumi, mwaka ambao mikorosho ilipigwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, maua yakakauka kabla ya kuzaa. Mvua ilianza na chakula ndani hamna. Tulikula uji wa muhogo asubuhi, na jioni tukala ming'oko, na siku ambazo mvua ilituzuia kwenda kuchimba, tulilala mapema. Siku moja nikitafuta kuni nilimwona dume anatua kwenye mbambakofi mkubwa, akainamisha shingo, na ncha ya mdomo ikachomoza kutoka kwenye shina kupokea tunda. Nilikaa pale mpaka bibi akaanza kuniita. Sikumwambia kitu.

Sasa, jirani yetu. Nilimwita baba mdogo, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa kibarua katika mashamba ya watu, anapulizia mikorosho dawa ya salfa, anapalilia, na mwaka ule hakukuwa na shamba lililohitaji kibarua. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Siku moja yule mama alianguka kwa njaa kando ya kisima, ndoo mkononi. Wanawake walimrudisha nyumbani wamemshika kwapani. Jioni hiyo baba mdogo alikuja kwetu, akakaa kwenye kigoda, akamwambia bibi, "Mama, anaota nyama. Akilala anaota nyama. Mimi nitaitoa wapi?"

 Bibi alimfungia ming'oko kwenye jani, na mimi nikamsindikiza hadi njiani. Pale njiani nikamwambia, "Baba mdogo, mimi najua nyama ilipo."

Nilijiona mtu mkubwa. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata, yeye na mimi, na kamba na panga. Alipanda vizuri, maana alizoea kupanda. Alipofika alibomoa udongo kwa ubapa wa panga, akaingiza mkono. Nilisikia jike anapiga kelele humo ndani, kelele ambazo sijazisikia tena. Baba mdogo akasema, "Ananing'ata huyu," akiwa anacheka, akahamisha mguu ili apate nguvu ya kuvuta. Tawi alilokanyaga lilikuwa limeoza.

Hakupiga ukelele. Alianguka kwa mgongo juu ya mizizi, akabaki ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Jike naye alitoka tunduni, akajaribu kuruka, akadondoka kwenye majani, akawa anajikokota na vile vibawa vyake visivyo na manyoya. Ndani ya tundu makinda yalikuwa yanalia.

"Miguu yangu iko wapi?" baba mdogo aliniuliza.

Nikamwambia, "Ipo, baba mdogo."

"Kamwite bibi yako. Na ukiulizwa, sema ulisikia tu mtu anaanguka. Mimi nilikuja kutafuta asali. Umenielewa?"

Nilielewa. Nilikimbia nikasema hivyo hivyo, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Wanaume walikuja wakamtia katika blanketi, wakalifunga kwenye mti wa kubebea, wakambeba begani wawili wawili hadi zahanati, mgongo wake umekunjika kama jembe. Nilipokuja kusomea uuguzi, mwalimu alitufundisha jinsi ya kumbeba mtu aliyevunjika uti wa mgongo, nikaomba kutoka nje ya darasa.

Mwanamume mmoja alimkamata yule jike, akamchinja. Bibi ndiye aliyempika, maana kipindi kile hakuna aliyeweza kuiacha nyama ioze. Alimpelekea mkewe baba mdogo bakuli la mchuzi, akambembeleza anywe kwa ajili ya mtoto, na iliyobaki tukala sisi. Nilikula. Ilikuwa tamu. 

Kwa siku kadhaa dume aliendelea kuja. Nilimwona akitua mdomoni mwa tundu, kuyu liko kwenye ncha ya mdomo, anangoja. Makinda yalikuwa yameshanyamaza.

Baba mdogo alirudi kutoka hospitali baada ya miezi, akalazwa katika kitanda cha kamba chumba cha mbele. Hakuinuka humo tena. Binti yake alikuwa ameshazaliwa. Kwa miaka mitatu nilimpelekea uji kila asubuhi kabla ya shule, na kila asubuhi aliniuliza, "Shuleni vipi?" Hakuwahi kutaja mti. Mimi pia sikuutaja. Nikafaulu, nikapelekwa sekondari ya bweni upande wa Nanyamba, na likizo nikawa natafuta sababu za kutorudi. Aliishi miaka saba. Habari ya kifo chake niliipata nikiwa na mitihani, nikajiambia nina mitihani. Bibi alipofariki, tulimzika mjini kwa mjomba, na hapo ndipo kijiji kilipokwisha kwangu.

Mwaka huu basi nilimkuta mke wa baba mdogo barazani, anachambua choroko kwenye ungo. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama mdogo," akaitikia marahaba, akanisogezea mkeka. Alikuwa amezeeka kupita umri wake. Nilimweleza yote, kuanzia maneno niliyomwambia mumewe njiani mpaka panga. Mikono yake haikusimama.

"Sasa unaniambia ili nikufanyie nini?" aliniuliza nilipomaliza.

Nilitazama choroko kwenye ungo, naye akaendelea.

"Niseme nimekusamehe, urudi mjini ulale? Miaka saba nilimgeuza kama mtoto. Vidonda vya mgongoni niliviosha kwa maji ya chumvi, anauma shuka asinilize. Wewe leo ni muuguzi. Hukuja hata kumzika."

"Sikuja, mama mdogo."

Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye choroko. Kutoka pale barazani ungeweza sasa kuona mbali, mikorosho na anga tu. Msitu uliliwa na mashamba na misumeno, mibambakofi yote ikawa mbao, mikuyu ikawa mkaa. Nilimuuliza kuhusu hondohondo, akasema labda ng'ambo, Msumbiji, huku hajawasikia tangu binti yake alipokuwa mdogo.

Halafu akamwita huyo binti. Alitoka ndani, mwanamke mzima, mtoto mgongoni.

"Huyu dada yako alimjua baba yako akiwa mzima," mama yake akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mimi nikimkumbuka namwona kitandani. Nimejaribu sana, siwezi kumwona akiwa wima. Kitanda kimemfuta. Mwambie mwanangu alikuwa anatembeaje."

Nikamwambia. Nilimwambia babake alitembea ameinama kidogo mbele, mikono ameifunga nyuma, visigino havigusi chini vizuri, kana kwamba njia inamchoma. Kwamba ukitembea nyuma yake ulilazimika kukimbia. Kwamba alizungumza bila kugeuka, ukawa unasikia nusu ya maneno, nusu inakwenda na miti. Kwamba kwenye madimbwi alinyanyua kanzu kwa vidole viwili kama mwanamke, na akijua unamtazama anaruka dimbwi ambalo angeweza kulivuka tu.

Mama mdogo alikuwa ameuweka ungo chini. "Visigino," akasema. "Ndiyo. Visigino."

Binti akaniomba niendelee. Nikamtembeza baba yake kwa maneno asubuhi nzima, shambani, mtoni, njiani kuelekea msituni, nikipunguza mwendo kadiri nilivyoweza.