Mikono ya Mama Mbele ya Kamati

Mimi nilisoma kwa kupigwa. Wengine wakiulizwa waliingiaje chuo kikuu hutaja juhudi na maombi, na sina ugomvi nao, lakini mimi nataja mwiko, mfuniko wa sufuria, na kiboko cha mwalimu wa hesabu kule shule ya bweni Homa Bay, aliyekuchapa mara moja kwa kila alama uliyokosa. Likizo nilirudi kwetu Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, na ripoti mkononi. Kama nimeshuka kutoka namba moja hadi mbili, mama alianza kunipiga kabla sijatua begi. Siku moja alinirushia karai la kuoshea dhahabu likanipasua juu ya jicho. Akanifunga jeraha kwa leso yake huku analia, kisha akaniuliza ni nani huyo aliyenipita.

Hakuwa hivyo zamani. Nilipokuwa mdogo majirani walimtania mchana kutwa naye anacheka tu. Hasira ilimjia polepole, pamoja na kutetemeka mikono, miaka ile ile aliyokuwa akiosha mchanga wa karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Kazi yenyewe naijua hadi leo. Unamwaga zebaki kwenye karai, unaikoroga na tope kwa mkono mtupu mpaka ikamate dhahabu yote, unaikamua kwa kitambaa, na kidonge kinachobaki unakichoma kwenye kijiko juu ya jiko. Moshi ukitoka unageuza uso. Sisi zebaki tuliiita dawa, na nikiwa na miaka tisa nilikuwa nimeshaiva kazini.

Nilipata A kwenye mtihani wa mwisho, nikaitwa chuo ambacho kila mtu darasani alikuwa namba moja wa kwao. Nilienda kusomea uhandisi wa kemikali. Muhula wa kwanza nikafeli hesabu. Nilikaa chumbani nikisubiri mtu aje anichape, hakuna aliyekuja, na hilo liliniuma kuliko kiboko chochote. Nilikuwa sijui mtu anasomaje bila kuogopa.

Kisha siku moja, maabarani, kipimajoto cha zamani kikavunjika kwenye meza yetu. Wenzangu wakaruka nyuma. Mimi niliona dawa inapotea bure, basi nikaikusanya kwa kiganja, nikaitia kwenye kitambaa changu, nikaanza kuikamua. Fundi wa maabara akapiga kelele niiachilie. Kijana niliyefanya naye kazi, mtoto wa watu wenye nafasi zao, akacheka. "Kwenu mnakula sumu? Ndiyo maana hesabu zinakushinda."

Nilimpiga ngumi ya pua. Alipoinama nikamshika kichwa nikamgonga uso kwenye ukingo wa meza, mara mbili, na jino lake likabaki pale juu ya daftari langu. Ningeendelea kama fundi asingenibeba. Nisiseme uongo, nilijisikia vizuri.

Fundi alinisimamisha kwenye sinki akaninawisha mikono kama mtoto. Aliniambia ile kweli ni sumu, na kwamba ukiuvuta moshi wake miaka mingi mikono hutetemeka, unasahau mambo, unakuwa mtu wa hasira za ghafla. Nilimwambia anyamaze. Sikutaka kusikia habari za mama yangu kwa mtu asiyemjua.

Barua ikaja: nifike mbele ya kamati ya nidhamu pamoja na mzazi, la sivyo nifukuzwe. Nilisafiri hadi nyumbani, nikamkuta mama uani, kijiko kikiwa juu ya jiko. Alisikiliza habari ya barua hadi mwisho, akachukua mpini wa jembe akanishukia mgongoni. Sikukimbia. Alipochoka nikamweleza alichosema fundi, naye akaniambia dawa ndiyo iliyonisomesha. Hapo nikalipiga jiko teke. Akanichapa upya mpaka mpini ukamponyoka, halafu tukapiga magoti wote wawili, tukachakura majivu ya moto kwa vidole tukitafuta kidonge chake.

"Huyo kijana alikuzidi alama?" aliuliza, bila kuniangalia.

"Ndiyo, Mama."

"Basi ulimpiga kwa wivu. Na nisikilize, nyathina, mwanangu. Usiwaambie mimi ni mgonjwa. Watasema urudi nyumbani unitunze."

Nilikuwa nimepanga kuwaambia hilo hasa. Huo ndio uliokuwa utetezi wangu pekee: kwamba sumu iko ndani yangu pia. Nilimkasirikia sana, lakini niliahidi.

Mbele ya kamati alivaa gauni lake la kanisani la Sabato, mikono ameificha ndani ya leso. Mwenyekiti akamuuliza kama nyumbani nilifundishwa kupiga watu. "Nilimfundisha mimi," mama akasema. "Huyu anafanya alichofundishwa. Kama kuna wa kufukuzwa, mimi niko hapa." Wakanong'onezana. Kisha wakampa fomu atie sahihi kwamba atadhamini tabia yangu, nami nibaki kwa onyo.

Ilibidi aitoe mikono. Kalamu ikakwaruza, ikatoboa karatasi, ikaanguka. Wakampa fomu nyingine, nayo akaitoboa. Mmoja wao akauliza, "Mama, unaumwa?"

"Ni uzee tu," akasema. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Fundi wa maabara, aliyeitwa kama shahidi, alinitazama, nami nikatazama sakafu.

Nikamshika mkono uliokuwa ukinipiga, nikaubana kwa mikono yangu miwili mpaka ukatulia, tukaandika jina lake pamoja. Hakunishukuru. Alisema herufi zangu ni mbaya.

Mimi nilibaki chuoni. Nilimwomba alale hata siku moja, twende hospitali. Alikataa, akarudi Macalder siku hiyo hiyo, kwa sababu mchanga wake ulikuwa umebaki kwenye karasha na haukuwa umeoshwa.